Nilimsahihisha Bibi Yangu

Ndugu msomaji, kabla sijaenda mbali naomba nikiri kosa. Mwaka 2019, nikiwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi wala cheti cha kutambia, nilimsahihisha bibi yangu mzaa mama juu ya neno ambalo yeye alilijua kabla mama hajazaliwa. Nilimsahihisha kwenye simu, tena kwa ile sauti ya mtu aliyekwenda shule. Yeye hakugomba. Alisema tu, "Haya, mume wangu. Wewe ndiye uliyesoma." Maneno hayo hayajanitoka kichwani hadi leo, na ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika habari hii.

Basi nianze na siku yenyewe.

Wakati huo nilikuwa nakaa kwa mjomba Mbagala, Dar es Salaam. Sisi watu wa kusini tukishuka kwenye basi tunaanzia hapo, na wengi wetu tunaishia hapo hapo. Mchana nilimsaidia mjomba kwenye genge lake la nyanya na vitunguu. Usiku niliandika riwaya yangu kwenye kaunta buku, kwa taa ya kuchaji. Mwaka huo jiji lilipigwa na homa ya dengue. Kijiweni tuliifanyia mzaha, kila mshkaji aliyelalamika kichwa tulimbatiza "Dengue", hadi siku iliponiangukia mimi mwenyewe. Jamani! Kichwa kilikuwa kama kinapasuliwa nyuma ya macho, na viungo viliuma hata nikahisi nimevalishwa mifupa ya mtu mwingine. Zahanati wakanipima, wakaniambia ndiyo yenyewe, kapumzike, kunywa maji kwa wingi.

Ukutani pale palikuwa na bango la magonjwa yanayoenezwa na mbu. Malaria, dengue, homa ya manjano, na chini kabisa, chikungunya. Nililisoma neno lile nikiwa nimeegemea ukuta nasubiri kuitwa. Nikadhani ni la Kijapani, ndugu yao Suzuki na Kawasaki. Kisha nikaamua ni Kiingereza, kwa kuwa kila jina gumu kwenye kuta za zahanati huwa ni Kiingereza.

Jioni mjomba akampigia mama yake, yaani bibi yangu, kule Rondo, kisha akanipa simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Naambiwa umelala chini. Panauma wapi?"

"Viungo, bibi. Magoti, viwiko, vidole, vyote."

"Umejikunja?"

"Nimejikunja."

"Basi hiyo ni chikungunya. Sisi iliturarua tulipokuwa wadogo, kule kwetu Newala."

Nikacheka, ingawa kucheka kwenyewe kuliniuma mbavu. "Bibi, chikungunya ni Kiingereza. Tena huo ni ugonjwa mwingine. Mimi nina dengue, nimepimwa."

Kimya. Nilisikia kuku wakilia nyuma yake, na mtoto fulani akifukuzwa. Ndipo akasema yale maneno niliyokutajia: haya, mume wangu, wewe ndiye uliyesoma.

Sasa usiniulize mtu anapataje ujasiri wa kumsahihisha bibi yake. Jibu ninalo, nililipata darasani. Shule ya msingi tulichekwa tukiteleza kwa Kimakonde au Kimwera. Sekondari, tulipokwisha kukiweka Kiswahili sawasawa mdomoni, tukachapwa kwa kukisema, kwa kuwa pale lugha ilikuwa Kiingereza. Hakuna mwalimu aliyetufundisha kwa maneno kwamba lugha zimepangwa kama ngazi, lakini kila mmoja wetu aliijua ngazi hiyo: juu Kiingereza, katikati Kiswahili, na chini kabisa, pale pa kufutia miguu, lugha ya bibi. Mtu aliyekwishapanda ngazi atawezaje kuamini kwamba neno lililobandikwa kule juu limetokea chini?

Nilipopata nafuu nilijinunulia kamusi ya Kiingereza, ya mtumba, jalada limebandikwa gundi. Mwandishi chipukizi bila kamusi ni fundi bila nyundo, ndivyo nilivyojisemea. Unajua neno la kwanza nililolitafuta? Rondo! Nilitaka kuona kama Waingereza wanatujua.

Nikalikuta. Lakini si letu. Rondo ya kwenye kamusi ni aina ya muziki wa Ulaya, ambamo sauti ya kwanza inaachwa, zinaingia nyingine, kisha ile ya kwanza inarudi tena na tena. Neno lenyewe ni la Kiitaliano, nao waliliazima kwa Wafaransa, na shina lake ni "mviringo". Nikafunga kamusi nimenyong'onyea. Rondo yetu, uwanda wa juu magharibi ya mji wa Lindi, msitu na mikorosho na vumbi jekundu, haimo. Baadaye nilikuja kujua kwamba wataalamu wa wanyama wanayo: yuko komba mdogo mwenye uzito wa gramu 60 hivi, mkia kama brashi ya kuoshea chupa, ambaye mwaka 1997 alipewa jina la kisayansi linalotaja Rondo. Na watu wa mjini walilisikia jina hilo mwaka 2023, alipozikwa kijijini kwao Bernard Membe, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Vinginevyo ukisema "Natoka Rondo", mtu anakuuliza ni kituo gani cha daladala.

Basi nikaiacha habari hiyo. Sikujua kwamba neno letu limo kwenye kamusi za Kiingereza zile kubwa, ila limekaa kwenye herufi nyingine.

Mwaka 2021, msimu wa korosho, nilirudi Rondo kumsaidia Bibi kuokota. Nilikwenda na kaunta buku zangu tatu, riwaya nzima. Asubuhi moja tukapita chini ya mkorosho mmoja uliougua. Majani yake yalikuwa yamekauka na kujikunja kama vidole vya mzee. Bibi akalishika tawi, akasema na mti wake kwa Kimakonde, wala hakusema na mimi. Katika maneno yale nikadaka moja: kungunyala.

Nikasimama na ndoo yangu.

"Bibi, umesemaje?"

"Nasema majani yamekauka yakajikunja."

"Hilo neno. Kungunyala. Ndilo lile la ugonjwa?"

Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza kama maji yanalowesha. "Sasa ulidhani ni lipi?"

Tukaketi pale pale kivulini, naye akanieleza kwa upole kuliko nilivyostahili. Kimakonde kinasema "chi" pale Kiswahili kinaposema "ki". Sisi tunasema Kimakonde, wenyewe wanasema Chimakonde. Kungunyala ni kukauka na kujikunja, kupindika. Kwa hiyo chikungunya ni kile kinachomkunja mtu, kinachompinda. Mimi nikasikia masikioni mwangu neno letu la Kiswahili, kujikunyata, kana kwamba ndugu wawili wamegongana mlangoni. Kumbe lile "neno la Kijapani" ningeweza kulifungua mwenyewe pale pale zahanati, laiti ningelisikiliza kwa sikio la nyumbani.

Kisha akanisimulia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili hivi. Newala iko juu ya uwanda wa Wamakonde. Ukisimama ukingo wa kusini wa Rondo, unaona bonde la mto Lukuledi, na ng'ambo ya bonde mstari wa buluu, ndio mwanzo wa uwanda huo, na ukiuvuka hadi upande wa Ruvuma ndipo unaipata Newala. "Ilianza ghafla," alisema. "Jana mtu analima, leo hawezi kusimama kwenda msalani. Mama alitambaa. Baba, mwanamume mzima, aliinama kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Nyumba nzima, kisha nyumba ya pili, kisha kijiji. Hakuna wa kumpikia mwenzake. Wengine homa iliwaacha, lakini magoti hayakupona hadi mavuno."

"Mkaita chikungunya."

"Hatukukaa kikao kulitunga, mume wangu. Tulikuwa tunalia. Mtu akikuuliza una nini, unamwambia kinachokufanya."

Nilipoondoka Rondo nilikuwa na kiu ya kujua yaliyoandikwa. Nilikaa siku nyingi Maktaba Kuu mjini Dar es Salaam, na usiku nikamalizia bando langu la simu, na kidogo kidogo nikaikuta hadithi ya upande wa pili, upande wa wenye kalamu.

Ugonjwa ule ulizuka Newala na jirani zake mwaka 1952 na kuendelea 1953, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Mwanzoni madaktari waliona kama ni dengue, kwa kuwa dalili zinafanana mno: homa ya ghafla, vipele, viungo. Taasisi ya utafiti wa virusi iliyokuwa Entebbe, Uganda, ikashughulika, na mwaka 1953 virusi vyenyewe vikapatikana katika damu ya mgonjwa. Mwaka 1955 daktari Marion Robinson aliandika dalili za ugonjwa katika jarida la tiba la London, na W. H. R. Lumsden akaandika namna ulivyoenea. Mwaka uliofuata R. W. Ross akaandika juu ya kirusi chenyewe. Wakahitaji jina la kukiita. Wakachukua lile waliloambiwa na wagonjwa, wakalieleza kuwa ni "kile kinachopinda". Ndivyo kilio cha Newala kilivyoingia katika Kiingereza.

Neno halikukaa kitako. Kila mbu wale walipokwenda, nalo lilikwenda. Mwaka 2004 ugonjwa uliipiga Lamu, na uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba watu watatu katika kila wanne pale walikuwa wameambukizwa. Ukavuka Mombasa, ukafika Komoro mwaka 2005, ukaingia kisiwa cha Réunion ambako hadi 2006 watu zaidi ya 260,000 waliugua, takriban theluthi moja ya kisiwa kizima. Mwaka huo huo India ilihesabu zaidi ya wagonjwa milioni moja waliodhaniwa kuwa nao. Na kule wako waliosikia "chikun" wakadhani ni kuku kwa Kiingereza, wakaogopa kula kuku! Mwaka 2007 ulifika Italia. Mwishoni mwa 2013 uliingia visiwa vya Karibi, na mwaka 2014 Wajamaika wakalifupisha neno wakaliita "chik-V". Fikiria, msomaji. Kijana wa Kingston amelala kitandani, anataja ugonjwa wake kwa neno la Kimakonde, naye hajui Wamakonde ni nani. Mimi niliyezaliwa ng'ambo ya bonde sikujua pia. Tofauti yetu ni kwamba yeye ana udhuru.

Halafu nikakuta jambo lililoniudhi. Vitabu na kurasa nyingi, tena za watu wazito, viliandika kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Nikataka kufurahi, maana Kiswahili ndiyo lugha ninayoiandikia, ndiyo lugha ninayoota nayo. Lakini nikamkumbuka Bibi na ule mkorosho. Si Kiswahili. Ni Kimakonde. Anayetazama kutoka mbali anaona Afrika Mashariki, anaandika "Kiswahili", anafunga kitabu. Nasi tunaotazama kutoka karibu tunafanya vivyo hivyo, kwa kuwa tunaona aibu. Jirani zetu wa Uganda walikuwa na bahati kidogo: mwaka 1959 ulizuka huko ugonjwa unaofanana na huu, ukaitwa o'nyong-nyong, neno la Waacholi la viungo kulegea, na kwa kawaida wanaoutaja hutaja pia kwamba ni la Waacholi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo niliposhika kichwa. Lile neno dengue nililomtambia Bibi nalo si salama. Mwaka 1870 Zanzibar ilipata homa kubwa ya viungo, na daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani humo, aliwasikia wazee wakisema kwamba homa kama hiyo walikwisha kuiona mwaka 1823, na kwamba jina lake ni kidinga pepo, kitu kama mshtuko wa viungo uletwao na pepo. Kiswahili chetu bado kina neno kidingapopo. Christie akatoa hoja kwamba neno hilo lilivuka bahari pamoja na watu hadi Karibi, likasikika kwa Kihispania kama "dengue". Wanazuoni wanabishana hadi leo, wengine wanasema mzizi ni wa Kihispania tu. Lakini jambo moja limesemwa na wataalamu kadhaa wa magonjwa waliozirudia habari za Zanzibar: wakitazama jinsi viungo vilivyouma, wanaona kwamba homa ile ya 1823 na ya 1870 yaelekea haikuwa dengue. Ilikuwa chikungunya.

Yaani hata madaktari waliyachanganya magonjwa haya mawili kwa zaidi ya miaka mia! Na Bibi yangu, kwenye simu, bila darubini, aliposikia viungo na kujikunja, alifanya kosa lile lile la wakubwa, ikiwa ni kosa. Mimi ndiye pekee niliyecheka.

Mwaka 2022 nilipanda tena Rondo, safari hii nikiwa na karatasi. Nilikuwa nimenakili yote: miaka, majina, visiwa. Baada ya chakula cha jioni nikamsomea, nikitafsiri. Alisikiliza huku anachambua mbaazi. Nilipofika kwenye kupatikana kwa kirusi, akaniinulia mkono nisimame.

"Walikuja watu wenye vichupa," akasema. "Walichukua damu ya watu. Ya mama walichukua. Hatukuambiwa damu ile ilikuwa na nini. Ilikuwa na nini?"

Msomaji, sijawahi kuulizwa swali zito kama hilo. Karibu miaka sabini! Majibu yalichapishwa London mwaka 1955, yakasomwa Entebbe, yakasomwa Bangkok na Calcutta, na mtu wa kwanza kuyapeleka majibu hayo kwenye nyumba ile alikuwa mimi, mwenye daraja la nne la kidato cha nne.

Nikamweleza. Nikamwambia ni kijidudu kidogo mno kinachobebwa na mbu, yule mbu mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana. Akauliza mbu yule alitoka wapi, maana kule juu ni pakavu, hapana madimbwi. Nikamwambia mbu yule hahitaji dimbwi. Anataga penye maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya nyumbani.

Akaacha kuchambua mbaazi.

"Mitungi," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Maji yale tulikuwa tunayafuata bondeni. Tunateremka gizani, tunapanda jua limetoka, mtungi kichwani. Mtu hakumwagi maji yale. Unayafunika, unayaweka ndani, unayatunza kama mtoto." Akanyamaza. "Yaani tulikuwa tunamfuga wenyewe."

Sikuwa na la kusema. Uwanda wa Newala hauna mito juu, na shida ya maji ndiyo iliyowafanya watu kuyaweka akiba ndani, na akiba hiyo ndiyo iliyowalea mbu. Hilo ukiliandika kitaalamu ni mstari mmoja. Kwa Bibi lilikuwa ni mama yake akipanda mlima.

Baada ya muda akauliza, "Na aliyeandika, alimtaja mama?"

"Hakumtaja mtu, bibi. Ameandika tu kwamba wenyeji wanauita hivyo."

"Wenyeji," akasema, akarudia mbaazi zake.

Usiku ule sikulala. Nilitoa kaunta buku zangu nikazisoma upya kwa tochi ya simu. Riwaya yangu inahusu familia inayohama Newala kuja Rondo, baba akifuata kazi ya kukata magogo katika kiwanda cha mbao cha Waingereza, kama alivyofanya babu yake mama. Ndani yake yumo bibi kizee. Mshkaji wangu mmoja wa kijiweni, msomaji mkali kuliko mhariri, aliwahi kuniambia, "Bwana we, huyu bibi wako anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari." Nikamkasirikia wiki nzima. Usiku ule nikaona ana haki. Nilikuwa nimemsafisha. Kila alipofungua mdomo nilimsahihisha kabla hajasema, nikamvika Kiswahili cha mitihani. Nilimfanyia kwenye karatasi kile kile nilichomfanyia kwenye simu.

Nikaanza kufuta. Sikumpa Kimakonde kitupu, la. Nataka asomwe Tanga na Mwanza. Nilimrudishia maneno yake pale tu ambapo la kwangu halikutosha. Ilipofika sura ya ugonjwa, badala ya "alishikwa na homa kali na maumivu ya viungo", nikaandika msichana wa miaka kumi na miwili, mama yake anatambaa sakafuni, mtu mlangoni anauliza una nini, na mama anajibu kwa neno moja. Nikamwacha aseme. Sikuweka mabano, sikuweka tafsiri. Aliyetambaa ameonekana, msomaji ataelewa.

Labda utaniuliza, ndugu mwandishi mwenzangu, yote haya yana faida gani? Neno moja la ugonjwa! Kiingereza kina maneno yetu mengi, kina safari, kina uhuru, mbona hatuyafanyii matanga? Nami nakujibu hivi. Safari ni neno la kujivunia, la watalii na mahema. Hili ni la watu walioumwa. Kumbukumbu imehifadhi majina ya madaktari, na kwa haki, maana walifanya kazi njema. Lakini kabla ya daktari kuandika, yuko mtu aliyetafuta mdomoni mwake neno la kitu ambacho hajawahi kukiona, akalipata, likawa sahihi kiasi kwamba dunia nzima imeshindwa kupata jingine bora. Kazi hiyo inaitwaje? Mimi naiita utunzi. Nasi tunaosaka hati za mialiko na mashindano ya hadithi, tunaodhani fasihi inaanzia kwenye rafu za vitabu, tumepita mbele ya watunzi hao tukiwaambia, samahani bibi, hilo ni Kiingereza.

Neno lilitoka Newala, likaenda London, likazunguka dunia, likarudi nyumbani limebandikwa ukutani zahanati ya Mbagala. Nami mjukuu nikalisalimia kama mgeni.

Bibi bado yupo, amevuka themanini. Magoti yanamsumbua, ila hasemi ni uzee. Anasema ni deni la zamani. Nilipomaliza ile sura nilimsomea yote. Alisikiliza hadi mwisho, kimya, macho yameelekea kwenye moto. Nikangoja sifa, nisikufiche. Akasema:

"Ni nzuri, mume wangu. Lakini mama hakulisema hivyo."

"Alilisemaje, bibi?"

Akalisema. Sauti ilikuwa chini zaidi, na silabi ya katikati aliivuta kama mtu anayenyoosha mguu unaouma. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikajaribu, akatikisa kichwa. Nikajaribu tena.

"Karibu," akasema. "Tena."